Sura ya Saba: Homoni Mlangoni mwa Seli ya Neva

Mwaka 1941, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, Hans Selye aliwadunga panya projesteroni kwa kipimo kikubwa, na panya wale wakalala fofofo. Usingizi huo haukungoja siku mbili tatu ili mwili upate nafasi ya kubadilika. Ulikuja ndani ya dakika chache, na homoni ilipopungua mwilini panya waliamka wakaendelea na maisha yao. Deoksikotikosteroni, homoni ya tezi za adrenali, ilifanya vivyo hivyo. Selye, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kwa utafiti wake wa msongo, aliandika wazi kwamba homoni za steroidi zina nguvu ya nusukaputi. Wenzake waliisoma taarifa hiyo, na wengine waliitumia kutafuta dawa mpya za upasuaji, lakini wataalamu wa homoni hawakujua waiweke wapi. Katika miongo iliyofuata walijifunza kuitazama steroidi kwa jicho jingine kabisa, na katika mtazamo huo panya wa Montreal hawakuwa na nafasi.

Mtazamo wenyewe ni ule unaofundishwa hadi leo, na si wa uongo. Steroidi zote, yaani projesteroni, estrojeni, testosteroni, kortisoli na ndugu zao, huundwa kutokana na lehemu. Kwa kuwa zina asili ya mafuta, hupenya utando wa seli bila shida. Ndani ya seli hukutana na protini inayozipokea, na pamoja nayo hushika sehemu maalumu za jeni na kuamuru protini mpya zitengenezwe. Elwood Jensen na wenzake mjini Chicago, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walilithibitisha hilo kwa estrojeni, na kazi yao ndiyo iliyofungua njia ya tiba za saratani ya matiti zinazotumika sasa. Lakini kazi ya jeni ina mwendo wake. Jeni hunakiliwa, nakala husomwa, protini hujengwa na kupelekwa mahali pake. Hayo yote huchukua nusu saa, saa kadhaa, wakati mwingine siku. Panya hawezi kupitiwa na usingizi wa dakika chache kwa njia hiyo. Ama kitu kingine kilikuwa kinatendeka, au Selye alikuwa ameona kioja cha maabara kisicho na maana kwa mwili ulio hai.

Hoja ya sura hii ni kwamba kitu kingine kilikuwa kinatendeka, na kwamba hakikuwa kioja. Homoni za steroidi, au kwa usahihi zaidi baadhi ya mazao yake, hushika moja kwa moja vipokezi vilivyomo kwenye utando wa seli za neva, vile ambavyo vyenyewe ni njia za ioni, na kubadilisha muda ambao njia hizo hukaa wazi. Hii ni kazi ya kawaida ya mwili, inayofanyika kila mwezi, kila ujauzito, na pengine kila mtu anapopatwa na mshtuko. Anayeikubali hoja hii atalazimika pia kubadili namna anavyofikiri kuhusu kifafa kinachofuata hedhi na kuhusu huzuni kali inayompata mama aliyetoka kujifungua, mambo mawili ambayo kwa muda mrefu mno yamechukuliwa kama udhaifu wa tabia.

Tuanze na njia yenyewe. Seli ya neva iliyotulia huwa na umeme hasi kwa ndani ikilinganishwa na nje, kiasi cha milivolti 70 hivi. Ili itume ishara, hali hiyo lazima igeuzwe kwa ghafla. Ili inyamazishwe, lazima idumishwe au izidishwe. Kikemikali kinachofanya kazi kubwa zaidi ya kunyamazisha katika ubongo kinaitwa GABA. Kipokezi chake kikuu, GABA-A, kimejengwa kwa vipande vitano vya protini vilivyosimama duara, vikiacha tundu katikati. GABA inapokishika, tundu hufunguka na ioni za kloridi, zenye chaji hasi, hupita. Katika seli nyingi za ubongo uliokomaa huingia ndani, na neva ikawa nzito kuamka. Binadamu ana jeni 19 za kutengeneza vipande hivyo, kwa hiyo vipokezi vya GABA-A haviko vya aina moja. Aina zake ni nyingi, kila moja na mahali pake katika ubongo na wepesi wake wa kuitikia. Msomaji anayefahamu dawa za hospitali zetu tayari anakijua kipokezi hiki, ingawa huenda hakijui kwa jina: diazepamu anayodungwa mtoto mwenye degedege hufanya kazi hapo, na fenobabitali, ambayo wagonjwa wengi wa kifafa vijijini wanaitegemea, hufanya kazi hapo pia.

Waliofungua ukurasa uliofuata walikuwa watafutaji wa dawa za nusukaputi. Steroidi ya kutengenezwa iitwayo haidroksidioni ilianza kutumika katika upasuaji mwaka 1955, ikaachwa kwa sababu iliunguza mishipa ya damu. Mwaka 1971 Uingereza ilipata Althesin, mchanganyiko wa steroidi mbili ambamo alfaksaloni ndiyo iliyokuwa na nguvu. Mgonjwa alilala upesi na kuamka upesi. Mwaka 1984 dawa hiyo iliondolewa sokoni kwa wanadamu kutokana na mzio mkali uliohusishwa na kiyeyushi chake, ambacho asili yake ni mafuta ya nyonyo. Alfaksaloni yenyewe, ikiwa katika kiyeyushi kingine, bado inatumiwa na madaktari wa mifugo. Mwaka huohuo wa 1984, mjini London, Neil Harrison na Michael Simmonds waliionjesha alfaksaloni vipande vya ubongo wa panya vilivyowekwa hai katika maji yenye chumvi, wakaona kwamba inaongeza sana nguvu ya GABA. Kisha wakajaribu steroidi pacha iliyo sawa nayo katika kila kitu, ila kundi moja la atomi, lile lililo kwenye kaboni ya tatu, lilielekea upande wa pili. Pacha huyo hakuongeza chochote. Ilijulikana tayari kwamba hata mnyama hamlazi. Kwa maoni yangu, ule mgeuko mdogo wa kundi moja la atomi ndio ushahidi mkubwa kuliko wote uliokuwa umepatikana hadi siku hiyo, na baadaye kidogo nitaeleza kwa nini.

Hadi hapo habari ilikuwa ya dawa za kiwandani. Mwaka 1986, katika taasisi za taifa za afya za Marekani, Dorota Majewska na wenzake, Harrison akiwa mmoja wao, waliuliza kama mwili wenyewe hauna kitu cha namna hiyo. Wakakipata. Projesteroni ikipitia vimeng'enya viwili hugeuka kuwa alopregnanoloni, na deoksikotikosteroni ikipita njia hiyohiyo hutoa ndugu yake wa karibu. Mazao hayo mawili, kwa viwango vidogo sana, yalikiongezea nguvu kipokezi cha GABA kwa namna iliyofanana na ya babitureti, jamii ya dawa ambamo fenobabitali imo. Hapo kitendawili cha Selye kikateguka: homoni mbili alizozitumia ni zilezile mbili ambazo mwili wa panya huzigeuza kuwa dawa ya usingizi. Projesteroni yenyewe, kabla ya kugeuzwa, haina nguvu kubwa kwenye kipokezi hiki. Jambo hili lina uzito katika maisha ya kila siku, kwa sababu kuna dawa zinazoiga projesteroni kwenye jeni bila kuiiga kwenye njia za ioni. Medroksiprojesteroni, iliyomo katika sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu inayotumiwa na wanawake wengi Afrika Mashariki, ni mfano. Inashika kipokezi cha projesteroni ndani ya seli kama inavyotakiwa, lakini mwili hauwezi kuigeuza kuwa alopregnanoloni. Mtu akisema kwamba dawa fulani ni projesteroni tu kwa jina jingine, amesahau nusu ya kazi ya projesteroni.

Kinachotendeka kwenye njia yenyewe kimechunguzwa kwa undani wa kushangaza. Kwa ufundi uliowapa Erwin Neher na Bert Sakmann tuzo ya Nobel mwaka 1991, mtafiti anaweza kunasa kipande kidogo cha utando kwenye ncha ya bomba la kioo na kupima umeme unaopita kwenye njia moja tu ya ioni, ikifunguka na kufungika mbele ya macho yake. Alopregnanoloni ikiwepo, njia ambayo GABA imeifungua hukaa wazi muda mrefu zaidi kabla ya kujifunga. GABA ndiye mgeni aliyesukuma mlango. Steroidi ni aliyeweka mguu ili usijirudishe upesi. Kiwango kikipanda sana, steroidi huweza hata kuifungua njia peke yake bila GABA, na hapo ndipo ulipo usingizi wa panya na wa wagonjwa wa upasuaji.

Pingamizi la kwanza dhidi ya maelezo haya lilikuwa zito, na wanasayansi makini waliliamini. Steroidi ni mafuta, na utando wa seli ni mafuta. Kwa nini tusiseme tu kwamba steroidi hujiyeyusha ndani ya utando, ikaulegeza au kuukaza, na njia za ioni zilizopandwa humo zikavurugika bila kushikwa na chochote? Nadharia ya namna hiyo ilikuwa imeeleza nusukaputi tangu mwishoni mwa karne ya 19, maana nguvu ya dawa nyingi za usingizi huenda sambamba na wepesi wake wa kuyeyuka katika mafuta. Ndiyo maana yule pacha wa alfaksaloni ni shahidi mkubwa: anayeyuka katika mafuta karibu sawa na nduguye, lakini hana nguvu. Mtetezi wa nadharia ya mafuta angeweza bado kusema kwamba mgeuko ule umebadilisha namna molekuli inavyokaa ndani ya utando. Douglas Covey na wenzake mjini St. Louis walimjibu kwa kazi ngumu ya kemia: walitengeneza taswira ya kioo ya steroidi hizi, molekuli ambayo ni kinyume cha ile ya asili kama mkono wa kushoto ulivyo kinyume cha wa kulia. Sifa zake za kuyeyuka ni zilezile. Hata hivyo nguvu yake kwenye kipokezi cha GABA, na uwezo wake wa kulaza wanyama, vilikuwa hafifu mno. Mafuta ya kawaida ya utando hayabagui namna hiyo. Protini yenye mfuko wa umbo maalumu hubagua.

Mfuko huo umeonekana. Mwaka 2006 Alastair Hosie, Trevor Smart na wenzao wa Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, walibadilisha asidi amino moja tu, glutamini iliyomo katika sehemu ya kipokezi inayopita ndani ya utando, na nguvu ya steroidi ikatoweka. Kipokezi kiliendelea kuitikia GABA. Mwaka 2017 picha za fuwele za protini zilizojengwa kwa mfano wa kipokezi hiki ziliionyesha steroidi ikiwa imelala mahali hapohapo, kati ya kipande kimoja na jirani yake. Naona suala hilo limefungwa. Kilichobaki na uzito katika lile pingamizi la mafuta ni kwamba steroidi hufika kwenye mfuko wake kwa kupitia utando, na kwa hiyo hukusanyika humo kwa wingi kuliko majini. Utando ni njia yake ya kufikia kipokezi. Upo pia ushahidi wa upande mwingine. Steroidi zilizopachikwa salfa, kama salfati ya pregnenoloni, hukipunguza nguvu kipokezi cha GABA badala ya kukiongeza, na huipa nguvu njia ya NMDA, ambayo kazi yake ni kuamsha neva. Kama kila steroidi ingekuwa inauvuruga utando tu, tusingeona moja ikinyamazisha na nyingine, yenye mifupa ileile ya kaboni, ikichochea.

Kuhusu jeni, sitakaa sana. Kipande cha utando kilichonaswa kwenye ncha ya kioo hakina kiini wala jeni, na bado kinaitikia steroidi mara moja. Kuna hata seli kamili inayotoa ushahidi huo. Mbegu ya kiume iliyokomaa imefunga jeni zake kwa kubana sana hivi kwamba hazinakiliwi, lakini mwaka 2011 maabara mbili, moja ya California na nyingine ya Ujerumani, zilionyesha kwamba projesteroni inayotoka kwenye seli zinazolizunguka yai huamsha njia ya kalsiamu iliyo mkiani mwa mbegu, na mbegu hubadili mwendo papo hapo. Mbegu si neva, lakini inathibitisha kanuni: steroidi inaweza kuiamuru njia ya ioni bila kuuliza jeni chochote. Simaanishi kwamba njia ya jeni ni ndogo. Mwili hutumia zote mbili, na kama tutakavyoona, katika ubongo hukutana tena.

Pingamizi ambalo mimi nalipa heshima zaidi ni la viwango. Kwamba dawa inafanya kazi katika bomba la kioo haimaanishi mwili unaitumia. Je, damu ya mtu wa kawaida ina alopregnanoloni ya kutosha? Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, na kwa wanaume, ni kidogo sana. Baada ya yai kupevuka hupanda pamoja na projesteroni, lakini sehemu kubwa ya kilichomo kwenye damu imeshikwa na protini za damu na haiko huru. Mtu angeweza kuishia hapo akasema kiasi hakitoshi. Jibu limekuja kwa njia tatu, na zote zinahitajika. Ya kwanza ni kwamba ubongo hautegemei damu peke yake. Mwaka 1981 Étienne-Émile Baulieu na wenzake nchini Ufaransa walipima steroidi iitwayo DHEA katika umbo lake lenye salfa na kukuta ni nyingi zaidi kwenye ubongo wa panya kuliko kwenye damu yake. Wakaondoa tezi za adrenali na korodani, na ubongo ukabaki nayo. Baulieu ndiye aliyeupa ubongo heshima ya kuitwa mtengenezaji wa steroidi. Baadaye vimeng'enya viwili vya kutengeneza alopregnanoloni vilionekana ndani ya seli za neva zenyewe. Ya pili ni kwamba kiwango hubadilika haraka. Mwaka 1991 Robert Purdy na wenzake waliwatia panya majini kuogelea kwa muda mfupi, na ndani ya dakika chache alopregnanoloni katika ubongo wao ilikuwa imepanda mara kadhaa, hadi kufikia kiwango kinachotosha kusukuma kipokezi. Inaelekea mwili unaposhtuka hutoa pia kitulizo chake.

Ya tatu ni ya vipokezi, na ndiyo yenye matunda mengi. Si kila kipokezi cha GABA kiko pale neva mbili zinapokutana. Vingine viko pembeni, nje ya makutano, na hushika GABA chache zinazovuja. Havipigi kelele kwa ghafla, bali huweka unyamavu wa kudumu unaoamua jinsi neva ilivyo nyepesi kuamka. Vingi vya aina hiyo vina kipande kinachoitwa delta. Mwaka 2003 Brandon Stell, Istvan Mody na wenzao walionyesha kwamba alopregnanoloni na ndugu zake, katika viwango vidogo vinavyopatikana mwilini, huongeza hasa unyamavu huu wa kudumu unaopitia vipokezi vya delta. Kwa hiyo kuuliza kama homoni ni nyingi au chache bila kuuliza inakutana na kipokezi gani ni kuuliza nusu ya swali. Hapa ndipo naona vipimo vya damu peke yake vimewapotosha madaktari na wagonjwa: mwanamke anaambiwa homoni zake ziko sawa, kwa hiyo anayoyahisi ni mawazo tu, ilhali hakuna aliyepima upande wa kipokezi.

Kifafa kinalidhihirisha jambo hilo. Mwaka 1857, katika mkutano wa madaktari mjini London, Charles Locock, daktari mkunga wa Malkia Victoria, alieleza kwamba bromidi ya potasiamu ilikuwa imewasaidia wanawake ambao kifafa chao kilifuata hedhi. Sababu aliyoitoa ilikuwa mbaya: aliamini ugonjwa unatokana na ashiki, na kwamba bromidi inaizima. Lakini dawa ilifanya kazi, ikawa dawa ya kwanza ya kweli ya kifafa, na leo tunajua kwamba ioni za bromidi hupita katika njia za GABA-A kwa urahisi kuliko hata kloridi. Kundi la wagonjwa alilolitazama lipo kweli. Wanawake kadhaa wenye kifafa huona mashambulizi yakiongezeka siku chache kabla na baada ya damu kuanza, wakati projesteroni inaposhuka ghafla. Mwaka 1998 Sheryl Smith na wenzake, wakiwatumia panya waliopewa projesteroni kisha wakakatiziwa, waliona kwamba kushuka huko kunabadilisha vipokezi vyenyewe: jeni ya kipande cha alfa-4 huamshwa, na panya huwa wepesi kupata degedege. Mwaka 2005 Jamie Maguire na Mody walionyesha kwamba panya jike hupandisha na kushusha vipokezi vya delta kila mzunguko wake, na wepesi wa kupata degedege hufuata. Huu ndio mkutano niliouahidi: steroidi hugusa njia ya ioni sasa hivi, na mabadiliko yake ya siku kadhaa hubadilisha ni njia zipi zitakazokuwepo kuguswa.

Je, basi projesteroni ni dawa ya kifafa cha hedhi? Jaribio kubwa lililoongozwa na Andrew Herzog, lililochapishwa mwaka 2012, lilitoa jibu lisilofurahisha: kwa jumla ya wanawake waliojaribiwa, vidonge vya projesteroni havikushinda vidonge visivyo na dawa. Vilionekana kuwafaa wale ambao mashambulizi yao hukusanyika sana karibu na hedhi. Matokeo ya kundi dogo yaliyochambuliwa baadaye lazima yapokewe kwa tahadhari, lakini yanalingana na maelezo tuliyoyajenga, maana pale tu ambapo kushuka kwa homoni ndiko kunakovuta mashambulizi ndipo kuizuia isishuke kutakuwa na faida.

Sasa pingamizi la wagonjwa wenyewe, ambalo lina haki zaidi ya kusikilizwa kuliko la wanakemia. Ikiwa alopregnanoloni ni kitulizo, kwa nini wanawake wengine huumia nyoyo katika majuma yale ambayo homoni hii iko juu, na kwa nini mama baada ya kujifungua, ambaye ametoka miezi tisa ya homoni tele, aanguke katika sonona? Katika miezi ya mwisho ya ujauzito kondo la nyuma humwaga projesteroni mara nyingi zaidi ya ile ya mzunguko wa kawaida, na alopregnanoloni hupanda nayo. Kondo likitoka, zote mbili huporomoka kwa siku chache. Lakini karibu wanawake wote hupitia mporomoko huo, na wengi hawapati sonona. Miki Bloch na wenzake mwaka 2000 waliliweka swali hili kwenye mizani. Waliwapa wanawake 16 wasio wajawazito homoni za kiwango cha juu, kisha wakazikatiza kwa ghafla. Nusu yao waliwahi kupata sonona baada ya kujifungua, nusu hawakuwahi. Watano kati ya wanane wa kundi la kwanza walipatwa na dalili; wa kundi la pili, hakuna hata mmoja. Homoni zilikuwa zilezile, kiasi kilekile, na ukatizaji uleule. Tofauti ilikuwa katika ubongo uliozipokea. Ni utafiti mdogo, lakini umepangwa vizuri hivi kwamba ni vigumu kuukwepa.

Mwaka 2008 Maguire na Mody walipendekeza mahali tofauti hiyo inapoweza kukaa. Katika panya mjamzito, ubongo hupunguza vipokezi vya delta, kana kwamba unajikinga na homoni iliyozidi. Baada ya kuzaa huvirudisha. Panya waliozaliwa bila jeni ya delta hawawezi kufanya marekebisho hayo. Walipozaa, waliwatelekeza watoto wao, hawakujenga kiota kama inavyopasa, na watoto wengi walikufa. Kabla ya kuzaa hawakuonyesha dalili hizo. Dawa inayoamsha vipokezi vya delta iliwasaidia wale waliokuwa na nakala moja tu ya jeni hiyo. Panya si mama wa kibinadamu, na sitadai kwamba sonona nzima imo katika kipande kimoja cha protini. Umaskini, upweke, ndoa yenye ukatili na kujifungua kwa mateso vyote vina sehemu yake, na vinajulikana kuongeza hatari. Lakini tabia ya mama inaweza kuvunjika kwa sababu njia ya ioni haikubadilika kwa wakati, na mtu aliyeliona hilo hapaswi tena kumwambia mzazi kwamba anadeka au kwamba hampendi mwanawe.

Mtihani wa mwisho wa maelezo yoyote ya namna hii ni tiba. Machi 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha breksanoloni kwa sonona ya baada ya kujifungua. Breksanoloni ni alopregnanoloni yenyewe, iliyotengenezwa na kutiwa mshipani kwa saa 60 mfululizo. Katika moja ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2018, alama za sonona kwa kipimo cha Hamilton zilishuka kwa 19.5 kwa waliopewa kipimo cha kati na 17.7 kwa waliopewa cha juu, dhidi ya 14.0 kwa waliopewa maji yasiyo na dawa. Katika jaribio la pili zilishuka kwa 14.6 dhidi ya 12.1. Tofauti ipo na ilionekana ndani ya siku mbili na nusu, ambapo dawa za kawaida za sonona huhitaji majuma. Lakini msomaji makini ataona pia jinsi wasiopewa dawa walivyopata nafuu. Saa 60 za kulala hospitalini, kuhudumiwa na kusikilizwa ni tiba pia, na anayesoma takwimu hizi kwa uaminifu hawezi kuificha. Hatari iliyolazimu uangalizi wa mfululizo ilikuwa ile aliyoiona Selye: baadhi ya wagonjwa walisinzia kupita kiasi au kupoteza fahamu. Bei ilikuwa dola 34,000 kwa tiba moja, na mwishoni mwa 2024 dawa hiyo iliacha kuuzwa. Mahali pake pamechukuliwa na zuranoloni, kidonge cha jamii hiyohiyo kilichoidhinishwa Agosti 2023, kinachomezwa jioni kwa siku 14. Mamlaka hiyohiyo ilikataa kukiidhinisha kwa sonona ya kawaida, uamuzi ambao kwangu unaunga mkono wazo kwamba ugonjwa wa baada ya kujifungua una njia yake mahususi.

Na hapa maelezo ya njia ya ioni yanafika mpakani. Breksanoloni hupungua damuni kwa nusu kila saa tisa hivi. Siku mbili tatu baada ya dripu kutolewa haipo tena, na kwa hiyo hakuna tena wa kushikilia njia za kloridi wazi. Hata hivyo katika jaribio la kwanza nafuu ilidumu hadi siku ya 30, ingawa katika la pili tofauti ilikuwa imefifia. Diazepamu hushika kipokezi hichohicho, ingawa mahali pengine, na hakuna anayetarajia dozi ya siku mbili iondoe sonona kwa mwezi mzima. Dhana ninayoiona ina nguvu zaidi ni kwamba diazepamu haivigusi vipokezi vya delta kabisa, wakati steroidi huvigusa kwa nguvu, na kwamba saa 60 za unyamavu huo wa kudumu huipa mitandao ya neva muda wa kuvipanga upya vipokezi vyake baada ya mporomoko wa homoni. Kwa maneno mengine, kinachodumu ni kazi ya jeni iliyoanzishwa na kazi ya mlangoni. Dhana hiyo inaweza kupimwa: kwa panya, kwa kuzuia uundaji wa protini mpya wakati steroidi inapotiwa, kisha kutazama kama nafuu inabaki; na kwa wanawake, kwa kulinganisha waliopona wakabaki wazima na waliopona wakarudi kuugua. Hadi kipimo hicho kifanyike, tunaweza kusema kwa uhakika jinsi steroidi inavyoishika njia ya ioni, asidi amino kwa asidi amino, na kwa uhakika mdogo zaidi kwa nini mama aliyetibiwa Jumatatu bado anaweza kuwa mzima mwezi unaofuata.